Pasi Fupi za Mtoto wa Kaka

Sorrel Flat, Texas
Jumapili, 11 Septemba 1983

Shangazi Oleta,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kwamba mvua ya huko Oregon inakupa nafasi ya kuanika nguo. Sisi hatujambo. Hapa hatujaona tone tangu Juni. Baba anashinda kiwandani akitengeneza mashine za kuchambulia pamba kabla mavuno hayajaanza, na jioni anarudi kichwa cheupe kwa vumbi la pamba mpaka Mama anamwita babu. Mama anakusalimu sana. Amesema nikuambie nimerefuka, suruali yangu ya kanisani imekuwa kaptura.

Shangazi, mwaka huu mimi ndiye mrushaji wa timu ya shule ya mpira wa Kimarekani. Najua unajua, kwa sababu Baba ameshamwambia kila mtu kuanzia hapa hadi mpakani. Kocha Purvis anataka pasi ndefu. Kila siku ni hayo hayo: "Royce, rudi nyuma, tulia, mtafute Beni kule mbali. Basi!" Beni ni Benito Arredondo, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Hakuna anayemkamata akianza kukimbia. Lakini mimi naona pasi fupi ni bora, na nikijaribu kumweleza kocha nakosa maneno.

Baba anasema Babu alipokuwa kocha, wewe ulikuwa unakaa naye juu ya paa la kibanda cha watangazaji, unamchorea kila pasi ilikotoka na ilikokwenda, na kwamba alikusikiliza wewe kuliko wasaidizi wake. Naomba uniandikie kwa nini fupi ni bora. Andika kwa mpangilio, kama mwalimu, ili nimwonyeshe kocha.

Ijumaa tulishinda. Hata hivyo, jana wazee wanaocheza dhumna mkahawani kwa Tubbs walinisubiri mlangoni. Mzee Clovis akasema, "Wee Royce, jana ulikuwa unarusha mpira au unalisha kuku?" Mwenzake akadakia, "Mwache bwana, anaogopa kuku wakienda mbali watapotea." Nilicheka nao.

Mpwa wako,
Royce

*

Astoria, Oregon
Jumanne, 20 Septemba 1983

Mwanangu Royce,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yananitangazia mvua kabla ya redio. Jirani yangu Bi Aino amenipa samaki wa kuokwa kwa moshi, mkubwa kama mtoto mchanga, na nakula peke yangu kwa siku ya nne. Mwambie mama yako asiikate ile suruali. Ashushe pindo, huwa wanaacha kitambaa ndani.

Nimeishi kwenye mji huu wa mto na ukungu miaka thelathini na kitu. Ukame ule mkubwa ulituondoa wengi. Wengine walirudi mvua iliporudi, lakini mimi nilikuwa nimeshapata darasa la hesabu, na watoto wa wavuvi walikuwa wameshanizoea. Ila Ijumaa ikifika, jioni, bado pua yangu hutafuta vumbi. Kwa hiyo usidhani umenisumbua. Umenikalisha tena juu ya paa lile.

Sasa sikiliza. Una majaribio manne ya kwenda mbele yadi kumi. Hakuna aliyesema yadi hizo zote lazima zipatikane kwa mkupuo mmoja. Ukitaka kurusha mbali, lazima usubiri rafiki yako afike huko mbali, na wakati unasubiri, watoto wanne wakubwa wanakuja kukukalia. Wenzako watano wa mbele watawazuia, sawa, lakini nao ni watoto, wanachoka. Kisha mpira ukishaondoka unakaa hewani muda mrefu, na walinzi wa upande wa pili wanapata nafasi ya kuusoma anwani.

Pasi fupi hutoka mkononi kabla hasira haijafika. Ikikosea, imekosea kidogo. Ikifika, mpokeaji bado ana miguu yake, na yadi anazokimbia mwenyewe zinahesabiwa sawasawa na zile ulizorusha wewe.

Faida kubwa ni hii. Kila pasi fupi inayofika huwafanya walinzi wasogee mbele hatua moja. Hawajui kama wanasogea. Babu yako aliita hiyo "kuwaita jikoni". Unapika, harufu inatoka, mmoja anachungulia, wa pili anaingia, na baada ya muda nyumba nzima imejaa jikoni na hakuna anayelinda sebule.

Mwonyeshe Kocha Purvis. Na umsalimie Harlan, kaka yangu, ambaye ananiandikia Krismasi tu, tena mistari miwili.

Shangazi yako akupendaye,
Oleta

*

Sorrel Flat
Jumapili, 2 Oktoba 1983

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Baba hajambo, mashine zimeanza, mji mzima unanuka pamba. Mama alishusha pindo kama ulivyosema. Kulikuwa na kitambaa.

Hutaamini. Kocha aliisoma barua yako mbele ya timu nzima! Kisha akauita mpango wetu "Jikoni". Tumeshinda tena na tena. Mama Tubbs ameandika kwa rangi nyeupe kwenye kioo cha mkahawa wake: JIKONI KUMEFUNGULIWA. Mzee Clovis ameacha habari za kuku. Sasa nikipita anauliza, "Mpishi, Ijumaa hii tunakula nini?" Na Baba anawaambia wote, "Hayo ni ya dada yangu. Damu ya mzee imerukia kwa huyu mtoto." Sijawahi kumwona akitembea vile.

Ila Beni ana kinyongo kidogo. Ijumaa iliyopita alikuwa peke yake kule mbele, walinzi wote wamesogea, hakuna mtu hata wa kumkoholea. Alinyanyua mkono. Nilimwona. Nikampa mwenzetu Curtis aliyekuwa hapa karibu, tukapata yadi sita. Baadaye Beni akaniambia, "Kaka, ningevua viatu, nikae chini, nivivae tena, bado ningefunga." Nikamwambia shangazi amesema fupi ni salama. Akaenda zake.

Naomba uniandikie kitu kingine, hasa cha kuwajibu watu wakiuliza kwa nini sirushi mbali hata pakiwa wazi. Nataka maneno kama yale ya kwanza.

Mpwa wako,
Royce

*

Astoria
Jumatatu, 10 Oktoba 1983

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa masomo na mazoezi. Mimi hali yangu nzuri. Bi Aino ameteguka kifundo cha mguu, kwa hiyo zamu hii mimi ndiye ninayempelekea chakula, naye anakisifia kwa uso wa mtu anayekunywa dawa.

Nimefurahi mno kusikia barua yangu imesomwa mbele ya wachezaji. Nilitembea hadi gatini na kurudi bila kuhisi magoti. Hilo nimelitaja kwanza ili ujue haya mengine siyaandiki kwa hasira.

Nimeisoma habari ya Beni kuwa peke yake. Nimeisoma tena, kisha nikaichora, kama zamani. Royce, sikukufundisha hivyo. Unawaita jikoni ili sebule ibaki tupu, na sebule ikiwa tupu, unaingia. Pasi fupi ambayo haigeuki kamwe kuwa ndefu inawafundisha adui zako kwamba wanaweza kuhamia jikoni moja kwa moja. Mtoto wa darasa la sita angeliona hilo, na wewe hukuwa mtoto mjinga hata ulipokuwa wa darasa la kwanza. Ulimwona Beni. Umeandika mwenyewe: "Nilimwona."

Kwa hiyo sitakuandikia maneno mengine ya kuwajibu watu. Nitakuuliza swali moja tu, na ulijibu pale utakapoweza.

Ni bega au ni kiwiko?

Sitamwandikia baba yako. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu yenu iko ukutani jikoni, na mama yako ana masikio. Jambo hili ni lako kulisema. Mimi nipo hapa.

Shangazi yako,
Oleta

*

Astoria
Jumatano, 26 Oktoba 1983

Royce mwanangu,

Hujambo? Huku mvua haijakatika. Bi Aino ameanza kutembea.

Sijapata barua yako, na sikuandikii kukudai. Nimekuandikia ili ukifungua sanduku la barua ukute kitu kutoka kwangu kisichouliza chochote.

Nakupenda.
Oleta

*

Sorrel Flat
Jumanne, 1 Novemba 1983

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Nilianza barua nyingi. Wote hawajambo hapa. Baba analala kiwandani siku nyingine, pamba ni nyingi mwaka huu.

Ni bega.

Ilikuwa Agosti, kwenye mazoezi, kabla hata sijakuandikia mara ya kwanza. Niliangukiwa na watu wawili, nikasikia kitu ndani kama kamba inayokatika. Nilisimama haraka ili asinione mtu. Kurusha karibu naweza, inauma lakini naweza. Kurusha mbali siwezi. Nilijaribu peke yangu nyuma ya kanisa, mpira ukaenda kama gazeti lililotupwa, nikatapika.

Nilikutumia, shangazi. Nilijua ungeandika vizuri. Nilitaka maneno ya kuficha mkono, na wewe ukanipa maneno mazuri hivyo, kisha tukashinda, na sasa mji mzima unaamini ni mpango. Kocha anaamini. Baba anaamini kuliko wote.

Wiki ya sherehe ya wahitimu wa zamani nilimletea Shelby Kincaid, msichana niliyemwalika, lile ua kubwa la kubandika kifuani, kama unavyokumbuka, ila siku hizi ni makubwa zaidi, riboni zinafika magotini na kuna kengele. Kumbandika nilitumia mkono wa kushoto. Nilimchoma na pini. Akasema, "Royce, wewe ni wa mkono wa kulia." Nikasema nina mafua. Mafua, shangazi!

Sasa hili ndilo linaloniweka macho. Ijumaa ya tarehe kumi na moja ni mechi ya mwisho, na Abbott Springs. Kuna mtu wa chuo anayetafuta wachezaji wa kuwasomesha bure, anakuja kumtazama Beni. Kwao hawawezi kumlipia chuo, na hakuna mtu atakayemchukua kwa pasi za yadi sita. Ni lazima wamwone akikimbia mbali na mpira umwangukie mikononi. Nafikiri nivumilie nirushe mbali mara moja. Moja tu. Bega likiharibika, liharibike, msimu utakuwa umekwisha. Nikisema ukweli, Kocha ataniweka benchi, na Baba sijui nitamwangalia vipi.

Nirushe? Wewe ndiye unayejua mambo haya.

Royce

*

Astoria
Jumamosi, 5 Novemba 1983

Mwanangu Royce,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Natuma hii kwa njia ya haraka, kwa hiyo salamu ni fupi: mimi mzima, Bi Aino mzima, paka wake ametukimbia wote wawili.

Kwanza, hukunitumia. Uliniomba msaada kwa jambo moja ukiwa unahitaji msaada kwa jambo jingine. Watoto wangu wa darasani walifanya hivyo kila siku, na nilistaafu bila kumkasirikia hata mmoja kwa sababu hiyo.

Sasa umeniuliza kama mtaalamu, nami nitakujibu hivyo. Usirushe. Weka bega lako pembeni kwa dakika moja, ingawa mimi siwezi kuliweka pembeni. Tazama kazi yenyewe. Pasi ndefu inataka mrushaji asimame bila kutikisika, arudishe mkono nyuma kabisa, na auamini. Wewe utakuwa unasubiri maumivu, na mkono unaosubiri maumivu huachia mpira mapema. Mpira utaishia njiani. Beni atalazimika kusimama na kurudi nyuma kuufuata, na yule mtu wa chuo aliyetoka mbali ataandika kwamba kijana huyu husimama. Utakuwa umevunja bega na umemharibia.

Beni hahitaji mkono wako. Anahitaji mpira ufike. Hakuna mrushaji mwingine pale? Hukuwahi kumtaja, kwa hiyo nadhani yupo, na nadhani anarusha mbali.

Kuhusu Kocha, mwambie mapema, ili mtoto huyo mwingine apate siku za mazoezi. Ukimwambia Ijumaa utakuwa umesema ukweli usiomfaa mtu.

Kuhusu baba yako, sina mchoro. Harlan nilimlea mimi mama yetu alipougua, nikamfunga kamba za viatu, na bado sijui atasema nini. Najua tu kwamba hakuwahi kupenda kitu kwa nusu. Usimwache alisikie hili kwa Tubbs.

Siwezi kukushika mkono kutoka huku. Ningekushika ule wa kushoto.

Shangazi yako,
Oleta

*

Sorrel Flat
Jumapili, 20 Novemba 1983

Shangazi,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, naandika kwa kushoto. Mkono wa kulia umefungwa kifuani. Nitaandika pole pole, kwa hiyo nitasema yale ya lazima.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimwambia Baba usiku huo huo, kiwandani, mashine zikinguruma. Ilibidi nipige kelele. "Baba, bega langu limeharibika! Tangu Agosti!" Akazima mashine. Nikarudia kwa sauti ya kawaida, na ilikuwa vigumu zaidi. Akaniuliza, "Jikoni je?" Nikasema hapakuwa na Jikoni, palikuwa na bega. Akawasha mashine tena. Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatano nilimwambia Kocha uwanjani, Beni akiwepo. Nilitaka Beni asikie kwangu. Kocha alivua kofia, akakaa juu ya mfuko wa mipira. "Yaani," akasema, "gazeti la wilaya limeniita mtu mwenye akili, kumbe ni jeraha lako." Nikasema ndiyo, Kocha. Akaanza kucheka, halafu akaacha, akaniuliza kama naweza kuinua mkono juu ya kichwa. Sikuweza. Hakucheka tena.

Beni ndiye aliyekasirika. Alinisukuma, kwenye bega zima. "Nilidhani ni mimi," akasema. "Nilidhani huniamini mikono. Kila jioni dada yangu ananirushia mpira uani, ana miaka kumi, Royce, ananirushia mpaka analia kuchoka, kwa sababu nilidhani ni mimi!" Hilo, shangazi, sikuwahi kulifikiria. Nilifikiria mkono wangu, na Baba, na mji. Yeye alikuwa anajilaumu upande wa pili wa uwanja na mimi nilikuwa naona kinyongo tu. Kisha akasema, "Haya, huyo mtoto wa akiba anaweza kurusha au hawezi?"

Mtoto huyo anaitwa Dewey Pruitt, yuko darasa la kumi. Ulikisia vizuri. Sikumtaja kwa sababu anarusha mbali kuliko nilivyowahi kurusha mimi nikiwa mzima.

Ijumaa nilisimama pembeni kumpa ishara kwa mkono wa kushoto. Kocha aliniachia nichague. Nilimpa fupi, fupi, fupi. Dewey alikuwa na hofu, lakini fupi huhitaji kuthubutu kidogo tu, na kila iliyofika ilimtuliza. Abbott Springs wakaanza kusogea. Niliona kama ulivyosema, hawakujua kama wanasogea. Robo ya tatu mlinzi wao wa mwisho akaja mbele na Beni akampita. Nikatoa ishara ya mbali. Mpira ulikaa hewani muda mrefu mno, na mimi nilikuwa nasema kwa sauti, "Usisimame, usisimame, usisimame." Hakusimama. Ulimwangukia mikononi akiwa anakimbia.

Tulifungwa kwa pointi moja. Mzee Clovis anasema mpishi akiwa benchi, chakula huungua. Yule mtu wa chuo alimpa Beni mkono, akataka kuonana na mama yake. Beni bado haniongeleshi sana, lakini jana alikuja kunibebea vitabu, akasema amepita tu.

Alhamisi nilipelekwa kwa daktari mjini. Atanipasua baada ya Krismasi. Kuhusu kurusha tena hakuniahidi kitu.

Baba ndiye aliyenipeleka. Maili zote hizo hakusema neno, kwenda na kurudi. Tangu Jumanne ile mpaka leo hakuwa ameniambia zaidi ya "pisha" na "funga mlango". Hajaenda kwa Tubbs. Mama amekuwa anaongea kwa wawili.

Leo baada ya kanisa walikuja wageni, mchungaji na mkewe, na Mama alichoma nyama ya ng'ombe. Nilikuwa naikimbiza kwenye sahani kwa uma mmoja wa kushoto, naona aibu mbele ya wageni, nikaamua kula viazi tu. Baba akanyoosha mkono, akaivuta sahani yangu kwake. Mchungaji alikuwa katikati ya hadithi, akanyamaza. Baba akachukua kisu chake akanikatia nyama yote, vipande vidogo vidogo, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Halafu akairudisha mbele yangu, akaigeuza ili nyama iwe upande wangu wa kushoto.

"Endelea, Mchungaji," akasema.

Nikala. Ya kwake ikapoa.

Mpwa wako,
Royce